Siku za Mwizi ni Arobaini; za Aliyeibiwa ni Ngapi?

Wahenga walihesabu siku za mwizi wakazikuta arobaini. Siku za aliyeibiwa hawakuzihesabu, na hadi leo ni nadra kumpata anayezihesabu. Nyumba ikivunjwa usiku, majirani hukusanyika alfajiri, mwenyekiti wa mtaa hufika, polisi huandika maelezo, na orodha hutungwa: runinga, simu mbili, mtungi wa gesi, mkoba wa mama, akiba ya ada ya watoto. Orodha ikishakamilika, watu hutawanyika wakisema, "Poleni sana, mshukuruni Mungu kwamba mko hai." Jambo huhesabiwa kuwa limekwisha, na kinachobaki ni kumwita fundi aje kuweka kitasa kipya.

Kwa jicho la tabibu, hapo ndipo jambo linapoanza. Kuvunjiwa nyumba ni tukio la kiafya, na lina saa na siku zake zinazojulikana: saa ya kwanza, saa 72, siku 28, mwezi mmoja. Kila kipindi kikipita bila huduma, hupotea kitu ambacho hata mwizi akikamatwa hakirudi. Kwa sababu hiyo zahanati, kituo cha afya na hospitali vinapaswa kuwa miongoni mwa milango ya kwanza anayobisha aliyeibiwa, na mlango huo usifungwe kwa karatasi, kwa lawama wala kwa haraka.

Sheria yenyewe inatambua kwamba madhara ya wizi wa nyumbani hayapimwi kwa thamani ya vitu pekee. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 294, inatofautisha kuvunja nyumba mchana na kuivunja usiku, na kosa la usiku lina adhabu kubwa zaidi. Runinga iliyoibwa saa nane mchana na ile iliyoibwa saa nane usiku bei yake ni moja. Ila usiku watu wamelala ndani, hawana silaha wala habari, na mahali walipopadhania kuwa salama ndipo wanapovamiwa. Hilo ndilo jeraha ambalo orodha ya mali haiwezi kulionyesha.

Saa ya kwanza: watu kabla ya vitu

Anayerejea nyumbani na kukuta mlango umevunjwa asiingie. Wezi huenda bado wamo ndani, na mtu aliyebanwa bila njia ya kutokea ni hatari kuliko aliyekwisha kukimbia. Aondoke, aite majirani, apige simu polisi. Kwa Tanzania namba ya dharura ni 112. Waliokuwamo ndani wakati wa tukio wana kazi moja kabla ya nyingine zote: kuhesabu watu. Wazee, watoto, wajawazito, mgeni aliyelala sebuleni, mlinzi wa getini. Kila mmoja aonekane kwa macho na aulizwe kama ameumia. Si mara moja mlinzi amekutwa amelala nyuma ya nyumba akivuja damu huku wenyeji wakitafuta kadi za benki.

Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia kila dakika ili kuchungulia. Kisu au kipande cha kioo kilichozama mwilini kisichomolewe nyumbani, kwa maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Aliyepigwa kichwani kwa nondo au ubapa wa panga aende hospitali hata kama anazungumza vizuri. Damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu taratibu, mtu akaeleza kisa chote kwa ufasaha asubuhi na kupoteza fahamu jioni. Dalili za hatari ni kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, na damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Mjamzito aliyesukumwa au kupigwa tumboni apimwe siku hiyo hiyo, hata kama hatoki damu, na hasa kama mtoto amepunguza kucheza.

Kwa mtoa huduma, jeraha la panga mkononi linadai subira. Mtu anayejikinga uso huinua mikono, na panga hukata kano za vidole. Kabla ya kushona ngozi, mgonjwa aombwe kukunja na kunyoosha kila kidole. Ngozi iliyoshonwa juu ya kano iliyokatika hupona vizuri kwa nje, lakini mkono hubaki bila kazi. Kinga ya pepopunda nayo isisahauliwe, hasa kwa wanaume watu wazima, kwa kuwa wengi wao hawakupata nafasi ya chanjo ambayo wanawake huipata wakati wa ujauzito.

Hofu peke yake huweza kuugusa moyo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo misuli ya moyo hudhoofika ghafla baada ya mshtuko mkubwa, kwa dalili zinazofanana na za shambulio la moyo. Huonekana zaidi kwa wanawake waliokoma hedhi. Bibi anayelalamika kifua kubana baada ya wezi kuondoka asiambiwe kwamba ni woga tu na apewe maji ya sukari. Apimwe moyo.

Karatasi isitangulie damu

Nchini Tanzania, aliyejeruhiwa katika tukio la jinai huhitaji Fomu ya Polisi Namba 3, maarufu kama PF3; nchini Kenya fomu ya P3 ina kazi inayokaribiana nayo. Fomu hizi zina umuhimu wake. Ndizo zinazofikisha mahakamani kile alichokiona daktari, na kesi nyingi za kujeruhi hulegea kwa kukosekana maelezo ya kitabibu yaliyoandikwa mapema. Tatizo huanza pale hati ya ushahidi inapogeuzwa kuwa tiketi ya kuingilia chumba cha matibabu, mtu akarudishwa usiku wa manane kutafuta kituo cha polisi huku kitambaa alichojifunga kimelowa damu.

Hofu ya muuguzi anayemrudisha inaeleweka. Yuko zamu peke yake, hajui anayemhudumia ni nani, na anaogopa kuitwa mahakamani au kulaumiwa kwamba ameficha mhalifu. Kinga yake, hata hivyo, ni kumbukumbu nzuri. Aandike saa ambayo mgonjwa alifika, mahali jeraha lilipo, urefu na kina chake, maneno ya mgonjwa mwenyewe, na huduma iliyotolewa. Ndugu mmoja aende polisi kuchukua fomu wakati tiba inaendelea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inatamka kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata pale ambapo katiba haikutamka kwa maneno hayo, maadili ya taaluma yametamka.

Maadili hayo hayo humhusu mtuhumiwa. Kuna usiku ambapo anayeletwa hospitali ni kijana aliyepigwa mawe na kuchomwa moto na kundi la watu kwa kelele za "mwizi!" Mtoa huduma si hakimu. Anamtibu huyo kwa mikono ile ile aliyomtibia mwenye nyumba, na anayaacha mengine kwa vyombo vyenye kazi hiyo. Jamii inayoua kwa kelele haijawahi kupungukiwa na wezi. Imeongeza maiti tu, na baadhi yao waligundulika baadaye kuwa hawakuiba chochote.

Saa 72 na siku 28

Kuna wizi ambao orodha yake haisomwi mbele ya majirani. Wezi wanapoingia usiku na kumtenga mwanamke au binti chumbani, kinachotokea humo mara nyingi hufunikwa kwa maneno "walichukua simu tu." Mume huona aibu, baba huona ameshindwa kulinda, na mwathirika hunyamaza ili nyumba isivunjike mara ya pili. Wakati wanasubiri aibu ipungue, saa zinahesabika.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa huanzishwa mapema iwezekanavyo, na zisipoanzishwa ndani ya saa 72 hazitegemewi tena kuleta kinga. Zikianzishwa, hunywewa kwa siku 28 bila kukatisha. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina muda wa saa 120, na nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Pamoja na hizo kuna tiba ya magonjwa mengine ya ngono na chanjo ya homa ya ini aina B. Ni vyema mwathirika asioge kabla ya uchunguzi, na nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki ambao huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Akiwa amekwisha kuoga, bado aende; tiba haitegemei ushahidi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, pale vilipo, humpatia daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii mahali pamoja, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Hapa mtoa huduma ana wajibu usioandikwa popote kwenye maelezo ya mgonjwa. Familia iliyovamiwa ikifika pamoja, kila aliyekuwamo ndani azungumziwe faraghani walau kwa dakika chache, wakiwamo wanaume na watoto. Swali likiulizwa mbele ya mume, jibu huwa la mume. Na aliyekatwa kwa kisu kilichotumika kumkata mtu mwingine, au aliyeshikana na mwizi anayetoka damu, naye atathminiwe kama anahitaji dawa hizo hizo za kinga.

Dawa zilizokwenda na mkoba

Mwizi hachambui mkoba. Anauchukua na vilivyomo: pesa, kitambulisho, kadi ya bima, na vidonge vya mwezi mzima. Kati ya hasara zote za usiku ule, hii ndiyo inayotajwa mara chache zaidi polisi. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hawezi kusimama mbele ya majirani kumi akasema, "Na dawa zangu zimeibwa." Ananyamaza, anasubiri tarehe ya kliniki inayofuata, na wiki tatu hupita bila dawa huku virusi vikizaliana. Juu ya hayo analala na wasiwasi mwingine: nani ameiona kadi yangu?

Kwa dawa nyingine hata wiki tatu ni nyingi mno. Mwenye kisukari kinachotegemea insulini huweza kuwa mahututi ndani ya siku moja au mbili. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla huweza kupata degedege lisilokoma. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeruka dozi hujitengenezea njia ya usugu. Mwenye shinikizo la juu la damu hahisi kitu, na hapo ndipo mtego ulipo: anafika kliniki mwezi ufuatao, kipimo kiko juu, anaona aibu kueleza, daktari anaongeza dozi. Kosa la tiba limetokea, na chanzo chake ni dirisha lililovunjwa.

Ushauri kwa mgonjwa ni mfupi. Aliyeibiwa dawa arudi kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake, asingoje tarehe. Asiazime vidonge vya jirani, maana jina la ugonjwa likifanana si lazima dawa ifanane. Aliyeibiwa simu atoe namba mpya, kwa sababu kituo humkumbusha na kumtafuta kwa ile ya zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majina na dozi za dawa nazo ziandikwe kwenye karatasi inayohifadhiwa nje ya mkoba, au kwa ndugu anayeaminika. Na ikiwa friji ndiyo iliyobebwa, insulini huweza kuhifadhiwa kwa muda ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, kikawekwa katika chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji, kivulini, hadi ufumbuzi mwingine upatikane.

Ushauri kwa mfamasia na muuguzi ni mfupi zaidi: wasihukumu. Ni kweli wapo wanaodai kuibiwa dawa ilhali wamezipoteza au kuzigawa. Lakini kumpa dozi mtu mmoja aliyedanganya kuna hasara ndogo kuliko kumrudisha mikono mitupu mtu aliyesema kweli. Anayehojiwa kama mtuhumiwa kwa sababu ya dawa zake mwenyewe harudi tena.

Usiku thelathini wa kwanza

Baada ya wezi kuondoka, mwili huendelea kulinda zamu. Usingizi hukatika saa ile ile waliyoingia. Paka akiruka bati, moyo hupiga mbio. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, hung'ang'ania mama, au hucheza mchezo wa wezi kila siku. Mkubwa huwa mkali bila sababu, huangalia komeo mara nne, hukwepa chumba walichopitia. Katika wiki za mwanzo mambo haya kwa wengi ni mwitikio wa kawaida kwa jambo lisilo la kawaida, na hupungua polepole. Kumwambia mtu hivyo ni sehemu ya tiba.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye hatua tatu ambazo hata mjumbe wa mtaa anaweza kuzifuata: kuangalia, kusikiliza, na kuunganisha. Kuangalia ni kuona nani yuko hatarini na nani ana mahitaji ya haraka. Kusikiliza ni kumpa nafasi anayetaka kusema, bila kumlazimisha asiyetaka. Kuunganisha ni kumfikisha kwa ndugu, kwa huduma na kwa taarifa anazohitaji. Desturi ya majirani kumzunguka aliyeibiwa na kumsimulisha upya kwa kila anayeingia ina nia njema, lakini humrudisha chumbani usiku ule mara ishirini kwa siku. Ni bora mtu mmoja wa familia ateuliwe kuwa msemaji, wengine walete chai.

Jambo jingine linadai msimamo thabiti. Katika siku hizo watu wengi huenda duka la dawa kuomba "kidonge cha usingizi", na wengi hupewa diazepamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu hali zinazotokana na mfadhaiko ulipendekeza kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kupunguza dalili za kiwewe wala kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Huleta utegemezi, humwangusha mzee anapoamka usiku, na hazitibu kiwewe. Pombe nayo huleta usingizi wa mwanzo na kuuvunja ule wa alfajiri. Kinachosaidia zaidi ni vitu visivyouzwa: kulala na mtu mwingine chumbani kwa siku kadhaa, kurudi kazini na shuleni mapema, kula kwa saa zake, na kutoketi peke yake kutwa.

Mwezi ukipita na ndoto za kutisha bado zinarudi, mtu bado anakwepa nyumba yake mwenyewe, anashindwa kazi au anatamani kufa, hapo si tena mwitikio wa kawaida. Anahitaji kufikishwa kwa mtaalamu, na mawazo ya kujiua hayasubiri mwezi upite. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache katika Afrika Mashariki, lakini uchache huo usiwe kisingizio. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba washauri wa kawaida waliofunzwa, wasio madaktari, waliweza kupunguza dalili za kiwewe kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Kilichowezekana kambini kinawezekana katika kituo cha afya cha kata.

Ulinzi unaoumiza

Hofu hujenga, na si kila inachojenga ni salama. Baada ya kuvunjiwa, familia hufunga nondo madirishani, makufuli mawili mlangoni, na funguo hufichwa mahali ambapo baba peke yake anapajua. Moto ukizuka, nyumba hiyo haina njia ya kutokea. Funguo ziwekwe mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapafikia gizani, na walau dirisha moja lenye nondo liwe la kufunguka kwa ndani. Wengine huliingiza ndani jiko la mkaa lisiibwe, wakaziba na madirisha. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko lenye mwiko mmoja wa makaa mekundu halifai kulala na watu, hata kama ni jipya.

Hapa inafaa kugusa imani iliyoenea kwamba wezi hupuliza "nusukaputi" dirishani, nyumba nzima ikalala. Dawa za usingizi za hospitali huhitaji kipimo sahihi na mtu wa kuangalia pumzi ya mgonjwa kila dakika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kimewahi kueleza kwamba kulaza watu kwa kupuliza mvuke chumbani bila wao kuamka si jambo linaloelekea kuwezekana. Watu hulala fofofo kwa uchovu, kwa mvua juu ya bati, kwa feni inayovuma, na hakuna aibu katika kutosikia. Lakini familia inayoamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, wote kwa pamoja, isiishie kunywa maziwa "kuondoa sumu". Itoke nje kwenye hewa safi, ikaangalie jiko lililala wapi, kisha iende kituoni. Kuwekewa dawa katika kinywaji ni jambo jingine, na hilo hutokea. Asiyeamshika ni mgonjwa wa dharura.

Choo kikiwa nje ya nyumba, wanawake na wasichana huacha kunywa maji jioni ili wasitoke usiku, na mjamzito aliyeanza uchungu husubiri kukuche. Mambo haya kliniki ya wajawazito inaweza kuyauliza na kuyapangia: nani atamsindikiza, bodaboda ya nani, simu ya nani. Mbwa aliyeletwa kulinda naye achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani wa kwanza kung'atwa huwa ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Na kuna ulinzi wa lawama. Usiku haujaisha, dada wa kazi amekwisha kutuhumiwa. Kesho yake mganga ametaja jina la jirani. Msichana wa miaka kumi na saba aliyefungiwa siku nzima akihojiwa na ndugu ni mwathirika wa pili wa wizi ule ule, naye pia alikuwamo ndani, naye pia hakulala. Ushahidi wapewe polisi. Mganga hana alama za vidole.

Hoja ya foleni

Watasema baadhi ya wahudumu kwamba haya yote ni mema ila foleni ni ndefu, na wizi ni kazi ya polisi. Foleni ni ndefu kweli. Lakini waliovunjiwa nyumba tayari wamo ndani ya foleni hiyo. Hawajiandikishi kwa jina la wizi. Hujiandikisha kwa maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo, tumbo kuwaka moto, shinikizo lisiloshuka. Hupimwa malaria, hupewa dawa za vidonda vya tumbo, na kurudi baada ya wiki mbili na dalili zile zile. Swali moja, "Kuna jambo lolote la kutisha lililokupata siku za karibuni?", halichukui dakika moja, na huenda likaokoa mizunguko mitatu ya vipimo.

Wahudumu wenyewe nao huvunjiwa. Nyumba za watumishi katika zahanati za vijijini ziko mbali na majirani, na stoo ya dawa huwavutia wezi. Muuguzi aliyefungwa kamba jana usiku hapaswi kupangwa zamu ya usiku leo kwa sababu tu "hakuumia". Kituo kisichomuuliza mtumishi wake amelalaje hakitajifunza kumuuliza mgonjwa.

Yanayotakiwa kwa vituo hayahitaji jengo jipya: kutibu kwanza na kukamilisha fomu sambamba, kuzungumza na kila mmoja faraghani, kurudisha dawa zilizoibwa bila hukumu, kutogawa vidonge vya usingizi kwa waliotishika, na kumwandikia kila aliyevamiwa tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja, kama anavyoandikiwa mwenye jeraha tarehe ya kutolewa nyuzi. Tarehe hiyo ikiandikwa kwenye daftari lake, angalau mtu mmoja atakuwa ameanza kuzihesabu siku zake.